Ushanga kando ya mto

Wewe, kwenu kulishawahi kushonwa kwenye karatasi? Juzi mjukuu wangu Akiru alinipeleka Kakuma nione kazi yake. Anachukua ramani kuukuu, anazitia nyuzi na ushanga. Nilicheka, nikakumbuka ramani ya kwanza niliyoiona.

Nilikuwa mdogo, baba yuko mbali akichunga mbuzi. Mchana mmoja mtu wa serikali alitandika ramani chini, inanuka mafuta ya taa. Nikamuuliza, "Sisi tuko wapi?"

"Nyinyi hamko hapa," akasema, kisha joto likamlaza palepale.

Hatuko? Sasa baba atatupataje? Nikachukua sindano ya mama ya kushonea ngozi, nikashona ushanga mwekundu kwenye ramani yake, kando ya mto, pale tulipokaa.

Kesho yake mama akapakia punda, tukahama. Nililia njia nzima. "Baba ataenda kwa ushanga!"

"Nyamaza, kichwa maji. Baba yako anafuata nyayo za punda."

Na kweli alitupata.

Sasa Akiru amenishonea nyumba yangu ya Lodwar. Nikamuuliza, "Na nikihama?"

"Sitafunga fundo, Ata," akaniahidi mimi bibi yake. "Ukihama, nafumua, nakushona kule umeenda."