Ini la Mdogo Wangu, Mapafu Yangu

Siku ya tatu baada ya kuwekewa kipande cha ini la mdogo wangu wa kiume, niliamua sitajitikisa. Mimi nikishaamua, nimeamua; kijijini kwetu Kamuli wanajua. Tulilelewa kwamba mgonjwa hulala akatulia, na anayezungukazunguka ni mvivu wa shamba anayejisingizia. Halafu niliogopa. Mtoto wa mama yangu amepasuliwa kwa ajili yangu huko India, mbali na migomba yake, mimi nikohoe kwa fujo nyuzi zikatike? Thubutu. Nikawa napumua juu juu, kama mtu anayenyatia kuku.

Daktari akaja na picha ya eksirei. Sehemu ya chini ya pafu la kulia ilikuwa imenywea, na maji yameanza kujaa pembeni yake. Akasema ini linafanya kazi vizuri. Kitakachoniua ni huko kulala. Pafu lisilofunguka hukaribisha nimonia, na dawa nilizomeza ili mwili usilikatae ini zilikuwa zimeupunguzia mwili nguvu za kupigana. Nikapewa kichombo cha plastiki chenye mrija na gololi tatu. Nikapuliza, gololi hazikusogea. Nikapuliza tena hadi machozi yakanitoka, nikakisukumia huko mezani.

Mchana ule mdogo wangu akaingia, ameshikwa mkono na nesi, mto ameubana tumboni kwenye kidonda chake. Alikuwa amejikunja, jasho linamtoka. Nilimfokea kwa nini ameamka. Hakunijibu mpaka alipokaa.

"Dada, nimekupa ini ulitembeze. Kulilaza ningelilaza mwenyewe."

Nililia, sifichi. Akachukua kile kichombo akanionyesha kuwa hakipulizwi, kinavutwa: taratibu, kama tulivyovuta juisi ya ndizi kwa mrija utotoni, ile tamu kabla haijachachuka ikawa pombe ya rubisi. Nikavuta. Gololi moja ikapanda. Akanipa mto wake niukumbatie kwenye kidonda, nikohoe makohozi yatoke. Maumivu ya kukohoa kule we acha tu. Tangu hapo kila saa nilivuta mara kumi. Jioni hiyo hiyo nikasimama, kesho yake nikatembea hadi mlangoni, keshokutwa ukumbi mzima. Maji yakapungua, homa ikakata.

Siku ya kuturuhusu, daktari alinionya kuwa mapafu bado hayajasalimika. Nikae mbali na moshi, na vumbi la nyasi zilizoota ukungu, na mtu yeyote anayekohoa. Nikampigia Mama simu. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi sakafuni, nami nikamwambia asitandike hata unyasi mmoja, kuni zisiwashwe karibu na nyumba, na mwenye mafua asije. Mama aliumia. Akauliza, wanawe wanarudi kutoka mlangoni pa kaburi, awapokee kwenye sakafu tupu kama wapita njia? Nikamjibu ndiyo, tupu, nikakata simu. Roho iliniuma njia nzima, hata tuliposhuka stendi ya Kayanga na kupanda gari la kukodi, barakoa usoni, bado nilikuwa naisikia sauti yake.

Nyumbani tulikuta sakafu imepigwa deki inang'aa na madirisha yako wazi. Ndugu walikuwa wamekaa uani, wameachiana nafasi, hakuna aliyenyoosha mkono kutusalimia. Wote walikuwepo isipokuwa Mama. Nikajua amenisusa, na kwa maneno yale nilistahili.

Kumbe alikuwa kule kwenye mibuni, peke yake, kajiziba mdomo na pua kwa khanga. Nikamwendea kwa haraka niliyoiweza. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Shikamoo Mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Baki hapo hapo. Nimeamka na kikohozi." Alinitazama kifuani, si usoni. "Hebu vuta pumzi nikuone."

Miezi mingi sikuwa nimemgusa mama yangu, na hatua kumi tu zilikuwa zimebaki. Nikasimama. Nikavuta taratibu, mpaka chini kabisa, mpaka mbavu zikafunguka. Akasema, "Tena." Nikavuta tena, na sikuacha mpaka aliposema inatosha.