Niliwacheka wenye DVD, kumbe mikorosho ya mama imo ndani ya DVD

Wakuu, heshima kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe huku nyumbani kwetu Bungu. Sijaongeza kitu, na ningekuwa na uwezo ningepunguza.

Kwanza naomba radhi.

Kuna mdau aliwahi kuuliza humu namna ya kucheza DVD kwenye media player ya nyumbani. Nikamjibu, "Mkuu, disc zilishakufa, tukazika." Nikavuna likes. Mdau, popote ulipo, nisamehe.

Mimi ni fundi computer Kibiti mjini. Mwaka jana nilimwekea mama, Bi Mkubwa wangu, computer ndogo nyuma ya TV. Nikafuta kila kitu, nikaacha media player moja tu ya kisasa, nikaijaza mawaidha na tamthilia. Yeye alitaka deki yake ya DVD ibaki. Nikaona ushamba. Deki nikamgawia jirani, Mzee Mkumba, ili nisiione tena.

Sasa huyu mzee tunapakana shamba. Alama ya mpaka ilikuwa mkorosho mmoja mkubwa. Ukazeeka, ukaanguka, hata kisiki kikaishia kwenye mkaa. Msimu huu akadai mpaka ulikuwa upande wetu zaidi, kwa hiyo mikorosho mitatu aliyopanda marehemu baba ni yake.

Mama hakula siku mbili.

Mwenyekiti wa kitongoji akataka ushahidi. Mama akasema upo, kwenye DVD ya harusi ya dada yangu, maana siku ile spika ilifungwa juu ya mkorosho wa mpaka. Na wapiga video wa kwetu mnawajua, hawakati kitu. Mbuzi akipita, naye anaingia kwenye disc.

Nikaazima external drive ya kusomea disc, nikaichomeka kwa mbwembwe mbele ya mwenyekiti na wazee wawili.

Media player ikasema haiitambui disc.

Nika-update. Nika-restart. Laptop nimeiacha Kibiti. Nikaingia kwa simu kwenye jukwaa la waliotengeneza ile program, nikakuta jibu: support ya disc tumeiondoa, hakuna anayetumia siku hizi. Chini yake likes za kutosha. Niliwaelewa kabisa, na hicho ndicho kilichoniuma.

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Kwani ile deki ya mama yako iko wapi?"

Wakuu, tuliondoka kwa msafara, mama mbele, disc kaishika kwa mikono miwili, kwenda kwa mshtakiwa kumwomba mashine ya kumshtakia!

Mzee hakukataa. Alitutandikia mkeka, akaagiza kahawa, akaipangusa disc mwenyewe kwa kanzu yake. Deki ikaimeza bila kudai update.

Mkorosho ule hapo, na spika juu yake. Mara anaingia Mzee Mkumba mwenyewe, ndevu bado nyeusi, anafoka mbele ya kamera: "Shusheni dude lenu! Mti huu wa mpaka, nusu yangu!" Nyuma yake mikorosho mitatu michanga, upande wetu, inaonekana wazi.

Halafu ikaja sauti ya marehemu baba: "Tunashusha, jirani. Njoo ule kwanza."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Sauti ile hatukuwa tumeisikia tangu tumzike. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Mzee Mkumba akaniambia, "Rudisha nyuma." Nikajua anatafuta pa kubishia. Nikarudisha.

"Njoo ule kwanza."

Akataka tena. Mara ya tatu akamgeukia mwenyekiti. "Andika. Mikorosho ni ya kwao."

Funzo nililopata: usimwondolee mama yako kitu kwa sababu wewe umekichoka. Na kitu kinachotumika mara moja kwa miaka kumi si lazima kiwe kimekufa, huenda kinasubiri siku yake.

Deki nimeomba kuinunua, mzee kagoma. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula mama huenda kwake, akakaa na mke wa mzee wakaangalia harusi. Nasikia mzee naye hujifanya anapita tu, mpaka ifike pale pa spika, hapo husimama.

Computer yangu ya kisasa mama kaifunika kitambaa cha kufuma. Anaweka kasha la disc juu yake.

Haya, nawe uliyewahi kufukua ulichozika, njoo useme. Wa kunicheka pia ruksa, ila foleni ianzie kwa yule mdau.