Kichupa Kilichosubiri Macho ya Pili

Jumatatu asubuhi, nikiwa kwa fundi wa pikipiki hapa mtaani Shari, nilipigiwa simu: yule mzee wa maabara ya chuo, aliyenifundisha kutazama, amefariki. Wengi wenu hamkumjua. Maisha yake yote alikusanya briozoa, wanyama wadogo kuliko punje ya mchele, wanaoishi kwa makundi wameng'ang'ania vijiti na mawe ya mitoni, na ambao mpita njia huwadhani ukungu. Siku ya kwanza nilimuuliza: mji wetu umejaa waliokimbia vita huko Djugu, kazi hii inamsaidia nani? Alicheka. "Weye mutoto unauliza sana. Kuja kwanza uangalie."

Sikuangalia. Alinipa kijiti kilichotoka bwawa la samaki, nikaona kundi limetambaa kama mizizi, nikaandika jina la spishi kwenye lebo. "Umejua namna gani?" "Muzee, umbo lake inaonekana." "Umbo! Mu maji ya mbio inatambaa, mu maji ya kulala inanenepa, na iko munyama moja tu. Tafuta mbegu yake." Alichokiita mbegu ni chembe ngumu ambayo kundi huiacha likifa, nayo huvumilia ukame hadi maji yarudi, na alama za ganda lake ndizo hutenganisha spishi na spishi. Akafuta jina langu, akaandika: haijulikani. Nilinuna juma zima. Kisha tukasafiri kwenda Mahagi, na kwenye kizuizi cha barabarani kijana mwenye bunduki akatutazama nyuso, akatutajia kabila letu bila kutuuliza. Alikosea kwa wote wawili. Hatukumsahihisha, tukapita. Tulipofika mbali mzee akaninong'oneza: "Umeona? Na ule kijana pia ameandika lebo." Tangu hapo kila nisikiapo katika mji huu kwamba watu fulani ndivyo walivyo, hujiuliza ni nani aliyeinama akaangalia.

Laiti ningejiuliza na mimi mwenyewe. Miezi mitatu iliyopita alinitumia kichupa chenye mbegu moja. "Mbegu iko na miiba ku ncha mbili," alisema kwenye simu. "Nimehesabu, lakini macho imechoka. Weye hesabu, uniambie." Nikasema kesho. Akapiga tena. "Bado, Muzee." Akapiga mara ya tatu. "Haina mubaya, mutoto yangu. Lebo inaweza kungoja." Hakusema kwamba yeye hawezi kungoja.

Nilihesabu jana kwa darubini, baada ya mazishi. Ilinichukua dakika kumi. Binti yake alikuwa amenipa daftari la baba yake, na humo nikakuta hesabu yake: sawa na yangu, mwiba kwa mwiba. Sikuwa na mtu wa kumpigia. Miaka yote nimejiita mtu wa mashaka, kumbe mwenye mashaka alikuwa yeye, aliyekuwa na jibu sahihi na bado akaomba macho ya mwingine. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Ndugu msomaji, ukishuku jambo, inama ulitazame leo hii, na ukishaona, mwambie aliyekuuliza angali anasikia.