Kitongoji kilitaka punda wangu aondoke kwa sababu ya vidonda vya miguu: nilivyomponya, na kosa langu lililomwumiza

Wakuu, salaam kutoka Chonyonyo, Karagwe. Leo nina furaha ya kukera majirani, nimeona niilete na huku.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sehemu nilizofanya ujinga sitazificha, maana ndizo zenye faida kwenu.

Huku kwetu punda ni wachache. Mizigo inabebwa na baiskeli, bodaboda na vichwa vya akina mama. Wangu nilimtoa Biharamulo, na siku anafika watoto wa shule waliacha njia kumshangaa. Nikamwita Shemeji, kwa sababu alifika, akala, wala hakuuliza kazi iko wapi.

Ila kazi alipiga. Kisima chetu kiko bondeni, mlima wake si wa mchezo, na mama yangu ana magoti mabovu. Miaka yote alipandisha maji kwa kichwa. Tangu Shemeji aje, mama hakubeba dumu hata moja.

Sasa shida ikaanza masika.

Nikaona anachechemea. Nyuma ya miguu, juu kidogo ya kwato, manyoya yameshikana na kuna magamba magumu. Ukibandua gamba linatoka na manyoya yake, chini nyama nyekundu na majimaji. Ukigusa, teke. Ilianza miguu ya nyuma, baada ya wiki ikahamia na mmoja wa mbele.

Nikajipa udaktari. Jamaa mmoja fundi pikipiki akaniambia dawa ni oili chafu. Basi kila jioni namwosha kwa maji na sabuni, nasugua magamba mpaka damu inatoka, napaka oili, namrudisha kwenye kibanja.

Kwa wasiojua, kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba. Huku tumelelewa kwamba mbolea yote ya mifugo lazima iishie humo. Kwa hiyo mimi, mtaalamu, punda nilimfunga humo humo. Leo mgomba huu, kesho ule, samadi inadondoka shinani moja kwa moja. Chini tumetandaza nyasi nene za kutunza unyevu, na masika zile nyasi hazikauki kabisa. Mikungu ilinenepa mpaka wapita njia wanasimama. Nilijiona nina akili kuliko kata nzima.

Miguu ikazidi kuoza.

Hapo ndipo alipokuja mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Laurenti. Ana ng'ombe wa pembe ndefu, anawapenda kupita kiasi, na wanakunywa bonde lile lile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo mnyama wako ana ugonjwa wa miguu na midomo."

"Hapana mzee, ni vidonda tu."

"Unaanza hivyo hivyo. Waitu mwanangu, ng'ombe wangu wakiisha nitakamua migomba yako? Bondeni asikanyage tena. Nakupa wiki mbili. Asipopona anaondoka kitongojini, au tunamfukia."

Nilikasirika wakuu. Lakini ukweli ni kwamba mzee alikuwa na haki ya kuogopa, maana hata mimi sikujua ninachokitibu.

Kesho yake asubuhi nikamkuta mama anapanda mlima, dumu kichwani, mkono mmoja umeshika goti. Nilimpokea lile dumu, na tangu hapo nikabeba mimi. Ila siku nikienda kupeleka kahawa Rugu, nikirudi nakuta pipa limejaa na mama amekaa ananyoosha miguu. Hakunilaumu. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Binamu yangu anayeishi Isingiro, kule Kyerwa, akanipa namba ya daktari wa mifugo, dada mmoja anaitwa Advera. Akaja na pikipiki yake, buti zimejaa tope.

Nilitegemea achomoe sindano. Wapi! Alianza kuangalia.

Akafungua mdomo wa Shemeji: msafi, hakuna kidonda wala mate ya kuchuruzika. Akainua kwato. "Umeona? Kwato nzima, haikupasuka katikati. Miguu na midomo ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Punda na farasi hawaupati."

Nilitaka kukimbia kwa Mzee Laurenti dakika ile ile. Akanizuia, hajamaliza.

Akaniuliza kama anapigapiga miguu chini na kujing'ata hata akiwa amepumzika. Hapana. Angekuwa anafanya hivyo, tungeshuku utitiri. Kuna mabaka ya duara yaliyonyonyoka? Hakuna, kwa hiyo fangasi wa mabaka akawaweka pembeni. Kuna mstari wa kidonda unaozunguka mguu? Hakuna, basi si kamba. Kilichobaki ni magamba ya nyuma ya mguu, kwenye ngozi isiyokauka.

"Analala wapi?"

Nikampeleka kibanjani kwa majivuno, nikitegemea asifie mikungu. Akachutama, akaingiza mkono chini ya nyasi, akautoa unadondosha maji.

"Kaka, wewe unafuga punda au unamloweka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Akanieleza: ngozi ikikaa mbichi muda wote inalainika na kupasuka, vijidudu vinaingia. Kumwosha kila jioni nilikuwa naongeza maji juu ya maji. Kusugua mpaka damu nilikuwa navifungulia mlango. Na oili chafu ilikuwa inamuunguza.

Amri ikatoka: punda atoke kibanjani leo.

Mama akaruka. "Na mbolea?" Kile kibanja ni cha marehemu baba, mama anakihesabu kama mtoto wake mwingine. Akamtazama Shemeji, akatazama migomba. "Mtoe. Mbolea itabebwa kwa karai."

Tukamjengea kibanda mwinuko wa nyuma ya nyumba, chini changarawe, juu yake majani makavu yanayobadilishwa kila siku.

Daktari akapunguza manyoya kwa mkasi, akaosha mara moja kwa dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, akaiacha dakika kumi. Magamba yaliyolainika yakatoka yenyewe, yaliyogoma akayaacha. Akasuuza, akakausha kwa kitambaa mpaka katikati ya mikunjo ya ngozi, ndipo akapaka marhamu. Kazi yangu ikawa kukausha na kupaka, na kutomruhusu akanyage tope.

Siku ya nne mateke yaliisha. Siku ya saba hakuchechemea. Siku ya kumi nilipapasa nyuma ya mguu nikakuta vinyweleo vipya vinachoma vidole, nikapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni akidhani nimeumwa na nyoka!

Wiki mbili zilipotimia, Jumapili baada ya misa, Mzee Laurenti akaja na watu nyuma yake. Nilikuwa nimemweleza habari ya kwato, akasema hayo ni ya vitabuni. Safari hii akachutama mwenyewe, akapapasa mguu mmoja mmoja, yote minne. Shemeji ametulia tuli.

Mzee akainuka, akajifuta mikono. "Huyu mzima."

Jumatatu asubuhi nikamfunga madumu manne, tukashuka. Njia nyembamba, ng'ombe wa mzee wanapanda, sisi tunashuka. Nikasimama nikisubiri kufukuzwa. Mzee akawasukuma ng'ombe wake pembeni kwa fimbo, pembe zile zote, akaniambia, "Pita, mama yako anasubiri maji."

Nilipita nimevimba kifua, wakuu, sitawadanganya.

Nilichojifunza: kabla ya kukimbilia dawa, angalia mnyama anasimama wapi. Farasi naye ni vile vile. Na usikubali jina la ugonjwa kwa sababu limesemwa kwa sauti kubwa.

Wenye punda au farasi, kabla hamjakomenti nendeni mkapapase nyuma ya miguu, juu ya kwato. Kwa vidole, si kwa macho, manyoya yanaficha. Mkikuta gamba, rudini mseme analala wapi.