Samaki wa Jumatatu

Jepkosgei alikuwa amepima maziwa ya wakulima miaka tisa katika kiwanda kimoja cha Eldoret, hadi chuo kikuu kilipoanzisha kozi ya samaki kikatafuta mtu anayeelewa baridi na usafi. Hakuwa amewahi kuonja samaki. Kwao Kapseret watu ni wa ng'ombe, na wazee waliwaweka samaki kundi moja na nyoka. Alipelekwa Kisumu miezi mitatu, akarudi anajua kutoa minofu ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, bila kuacha nyama mfupani, na kutambua kwa kidole na kwa macho samaki amekaa siku ngapi kwenye barafu. Mama mkwe wake akaanza kumtaka asugue mikono kwa majivu kabla ya kugusa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha. Kimeli, mumewe, alicheka tu.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1990, trekta lilimpindukia Kimeli akilima shamba la jirani. Siku ya mazishi Jepkosgei alisimama akitazama udongo ukirudishwa shimoni. Hakulia. Akina mama wa kanisa walikaa naye siku nne wakingoja, kisha wakaenda kukamua ng'ombe wao. Wiki ya pili alivaa koti lake jeupe, akanoa visu, akawapanga wanafunzi kumi na saba mezani akaendelea na somo alipokuwa ameliachia. Alikula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yake. Akilala, alilala mpaka asubuhi. Hakuna kilichomuuma, na hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi.

Wanafunzi walikuwa wakienda viwandani kwa zamu, wiki mbili mbili, kuijua kazi yenyewe. Mwezi wa nane zamu ikamfikia Wanyoike, kijana wa Huruma, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Akapelekwa kiwanda kimoja cha minofu kando ya ziwa. Jumatatu asubuhi msimamizi alimpa karatasi aandike kwamba mzigo wa samaki uliofika ulikuwa mzuri. Wanyoike alibonyeza samaki mmoja, kidole kikaacha shimo. Akafunua mashavu, akayakuta kahawia badala ya mekundu. Akakataa kuandika. Kufikia saa sita alikuwa nje ya lango na begi lake.

Ijumaa meneja wa kiwanda alikuja chuoni mwenyewe kwa pikapu, beji ya chama tawala kifuani. Miaka ile, mtu mwenye beji kama hiyo hakubishiwa ovyo. Uliyafikiria maisha ya nyumbani kwako kwanza. Alimweleza Daktari Ondiek, mkuu wa kozi, kwamba kijana ameharibia kiwanda jina. Aombe msamaha mbele ya wenzake, la sivyo kiwanda hakitapokea mwanafunzi mwingine tena. Na ili wote waone kijana alivyokosea, alikuwa amebeba ndani ya sanduku la barafu mbuta wawili wa mzigo ule ule.

Daktari Ondiek hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi kumi na sita wengine wa kutafutia nafasi. Alimwomba Jepkosgei awapime samaki wale mbele ya darasa, na macho yake yalimwomba zaidi ya hapo.

Jepkosgei aliwalaza mezani. Akatazama macho, akafunua mashavu, akabonyeza mgongo, akamwinua mmoja kwa kichwa. Mkia haukulegea.

"Hawa ni wazuri," alisema.

Meneja alimgeukia Wanyoike, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mzigo ulifika lini?" Jepkosgei akauliza.

"Jumatatu, mama," Wanyoike akajibu.

"Basi hawa si wa mzigo huo. Bado wamekakamaa. Samaki wa Jumatatu leo angekuwa amelegea. Hawa ni wa jana."

Meneja alimuuliza kwa sauti ya chini kama alijua anazungumza na nani.

"Najua," alisema. "Lakini nimeulizwa habari ya samaki."

Baadaye watu walisema mama yule ana moyo. Yeye aliona wamekosea. Mwenye moyo huogopa, kisha akasema hata hivyo. Yeye alikuwa amesubiri woga uje, na haukuja.

Kiwanda kilifunga lango lake kwa wanafunzi wa Eldoret. Kabla mwezi haujaisha Jepkosgei alipewa barua ya kuhamia stoo ya shamba la chuo, akagawe majembe na dawa ya kupe. Aliisaini akaenda. Wanyoike hakuomba msamaha. Daktari Ondiek alimtafutia nafasi kwenye mabwawa ya serikali, bila kumwambia mtu.

Jumapili moja kijana alifika Kapseret na kilo mbili za sukari. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema anataka kuacha kozi, kwa sababu mama amepoteza kazi yake kwa ajili yake. Kisha akaanza kulia, mtu mzima, kikombe mkononi.

Jepkosgei alimtazama kwa makini, jinsi machozi yalivyoshuka bila kusukumwa na mtu.

"Ulibonyeza mahali panapofaa," alimwambia. "Maliza kozi."

Alimsindikiza mpaka barabarani, akangoja naye gari lilipochelewa. Lilipoondoka alibaki amesimama pale kidogo, kisha akakumbuka ndama hawajafungwa, akarudi kuwafunga.