Wiki Tatu za Kuogopa Kuuawa

Mimi ni mtu wa kutia chumvi, sifichi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na mbili, na nyumbani Masieda niliwaambia kwamba swali la mwisho la Baiolojia lilinishinda mimi, msimamizi na wizara nzima. Walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Kwa hiyo siku nilipokalishwa mbele ya mshauri wa hospitali hapa Haydom, nilianza na lugha ninayoiweza.

"Nikimwambia, ataniua," nilisema. "Halafu ukoo wake utashuka na mikuki. Halafu Tanzania nzima itajua."

Mshauri alikuwa binti mdogo tu. Aliniamkia shikamoo kila nilipoingia, na kila mara niliona aibu kuitikia marahaba, kwa mambo niliyokuwa nimekuja kumweleza. Nilipelekwa kwake na nesi aliyenikuta na kaswende. Sindano yake ingemlaza kifaru. Nilitembea kama nimepanda punda siku mbili. Lakini sindano haikuwa kazi. Kazi ilikuwa swali la nesi: nani mwingine anahitaji kuchomwa? Mimi ninayeuza uji stendi na kupiga domo mpaka mabasi yanachelewa kuondoka, nilikaa kimya.

Mwingine ni mwanaume. Ni mfugaji wa Dirma, huko Hanang. Tulifahamiana alipomleta baba yake hospitali, akawa anamnunulia uji kwangu asubuhi na jioni. Mzee akapona, akarudi kwa ng'ombe wake. Mtoto wake akaendelea kuja, kila baada ya mwezi au miwili, na mimi nilikuwa nahesabu mabasi ya Hanang kama mtoto anayesubiri sikukuu. Ana mke. Mke alikuwa na mimba changa, siku yoyote angeanza kliniki.

Kliniki wanampima mama kaswende. Akikutwa nayo kabla mume hajafungua mdomo, ni nani ataulizwa ameitoa wapi? Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Tiba ya mshauri haikuwa na kidonge. Ilikuwa karatasi yenye mistari: kilichotokea, nilichowaza, ninaamini kwa kiasi gani kati ya mia, ushahidi ni upi. Kwenye kuuawa niliandika mia tatu.

"Kaka, mwisho ni mia."

"Basi andika mia, dada, hizo mbili nitunzie."

Alicheka, lakini kalamu hakuiweka chini. "Hii Tanzania nzima ni nani na nani? Nitajie."

Nilianza na mamilioni. Tulipomaliza kuwataja walikuwa watatu, na mmoja wao alishafariki.

Hakuniambia kwamba naota. "Hatari ipo," alisema. "Ndiyo maana karatasi hii haina jina lako na haitoki humu ndani. Lakini mimi nakuuliza juu ya mtu mmoja. Amewahi kukupiga?"

"Hajawahi."

"Kukutishia?"

"Yule? Akichinja kuku anafumba macho."

Nilirudi wiki ya pili. Wiki hiyo tulishughulika na lile wazo kwamba mtu wa aina yangu ni takataka na ugonjwa ni haki yangu. Nilikuwa nimeacha kwaya. Kuna asubuhi sikuona sababu ya kuwasha jiko. Aliniuliza kama maneno hayo ningemwambia mgonjwa anayeshuka kwenye basi. Nikasema nimwambie hivyo nimekuwa shetani? Akaniacha nikae na jibu langu.

Wiki ya tatu alirudi kwenye karatasi ya kwanza. "Tukiondoa kuuawa," alisema, "kinabaki nini?"

Nilitafuta utani, sikuupata. "Hatakuja tena," nikasema.

"Hilo unaliamini kwa kiasi gani?"

"Mia."

Ndipo nilipoona nilichokuwa nafanya. Mikuki yote ile nilikuwa nimeipanga mbele ya kitu kidogo. Mtu anayeogopa kuuawa, nani atamlaumu akinyamaza? Anayeogopa tu kuachwa, huku mke wa mwenzake anaelekea kliniki, huyo analaumika. Tukafanya mazoezi ya kusema, yeye akijifanya mfugaji, ananikazia macho kama naiba ndama. Kesho yake nikapanda basi, kisha bodaboda, mpaka Dirma.

Nilimkuta kwenye josho na mzee mmoja wa kwao. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikasema natafuta ng'ombe wa kununua. Mzee akanitazama viatu. "Huyu hata mkia hawezi kununua," akasema, akaenda zake. Tukabaki wawili. Nikasema yote kwa mkupuo, kama nilivyofundishwa.

Hakunyanyua fimbo. Alikuwa anatazama ng'ombe wakitoka kwenye dawa, mmoja mmoja.

"Umechelewa," akasema. "Alienda kliniki wiki iliyopita. Wamempima, wamemchoma. Wazee wamekaa. Amerudishwa kwao."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini?"

"Nakuuliza ulisema nini."

"Nilisema sijui ameitoa wapi." Akafuta uso kwa shuka. "Sasa wanasema hata mimba si yangu."

Nilimwambia akachomwe. Nikamwambia aende akamchukue mke wake, awaambie wazee kwamba ni yeye, kwamba alilala na mwanamke Katesh, mwanamke yeyote, hilo watamtoza ng'ombe tu na maisha yataendelea. Nilieleza vizuri sana. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kuliko majibu ya mtihani wowote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hayo yote ulikuwa nayo wiki tatu?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukaniogopa mimi?"

Akawapigia ng'ombe mluzi, akawafuata.

Baada ya siku nne nilimwona akishuka kwenye basi la asubuhi. Alinipita, akaingia getini hospitali, akatoka baada ya saa moja akichechemea. Akapanda basi lilelile likirudi, akakaa dirishani upande wangu. Nikaacha wateja na vikombe mkononi, nikamfuata mpaka chini ya dirisha.

"Umeenda kumchukua?"

"Bado."

"Utaenda lini?"

Kondakta alipiga bodi, basi likaondoka. Ilikuwa kabla ya mavuno, na hajashuka stendi tena. Sasa watu wanatayarisha mashamba tena, na yule mtoto atakuwa ameshazaliwa huko kwa wajomba zake, wakimtazama usoni anafanana na nani.