Opareta Niliyemshusha Daraja

Utacheka, najua. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Runyenjes, na tangu hapo sina amani.

Mimi ndiye niliyeunda seva ya kuchati ya watu wa boda boda wanaobeba maziwa na muguka, yale majani ya kutafuna. Iko kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu. Kila anayeingia, seva humweka kwenye daraja lake. Ukiwa daraja la kawaida, simu yako ikichelewa kidogo tu kuitikia, unakatwa. Maopareta, wale wanaoita pikipiki, wana daraja lao, na seva huwavumilia hata mtandao ukiwa mbovu. Bila hilo, mtu wa Siakago hawezi kitu, maana mtandao wa huko ni wa kubahatisha.

Opareta wetu wa Siakago alikuwa Baba Wanja, mzee mwenye mdomo. Siku moja akanigombeza mbele ya kundi zima, eti seva yangu inalala kama mlevi. Niliona aibu, nikakasirika, nikamshusha daraja la kawaida. Nikasema, akome. Wiki nzima akawa anaingia anatupwa nje, anaingia anatupwa nje, na mimi nacheka peke yangu. Ndiyo, nilicheka.

Sasa siku hiyo mvua inanyesha, mimi nakula githeri, namwona Baba Wanja mlangoni. Viatu vyake vilikuwa vikavu, vimejaa vumbi la kwao. Mvua yote ile, unanielewa? Niliona, na sikujiuliza, kwa sababu moyo wangu ulikuwa kwenye ugomvi.

"Fundi, nirudishie daraja langu," akasema kwa sauti ndogo.

"Kaa kwanza. Unaomba msamaha ama huombi?"

"Nimekosa. Nirudishie sasa hivi."

"Haraka ya nini, mzee? Wacha nimalize kula."

Akakaa kwenye benchi. Nikamaliza githeri yangu polepole, makusudi. Nikanawa mikono. Yeye ananitazama tu, jasho linamtiririka na baridi ile yote. Hapo ndipo nikafungua mipangilio, nikarudisha jina lake kwa maopareta, nikaiambia seva isome upya.

Papo hapo ujumbe ukaingia kwa jina lake: "Nyoka ameniuma. Niko shamba peke yangu. Nawaita tangu asubuhi mnanikata. Leteni pikipiki."

Niligeuka nimwambie aache mzaha. Hakukuwa na mtu kwenye benchi.

Vijana wa Siakago walimkuta katikati ya muguka, simu mkononi, bado anapumua. Alikata roho njiani wakimpeleka hospitali Embu. Muuguzi alisema wangemfikisha mapema kidogo angepona. Mapema kiasi gani? Sikuthubutu kumuuliza. Niliogopa atasema ni muda wa kula sahani moja.

Kwa hiyo wewe uliyepewa uwezo wa kufungia watu na kuwafungulia, tafadhali, hasira zako zipeleke kwingine. Mtu akikuomba umfungulie, mfungulie kwanza, mengine mtagombana baadaye. Hujui anayekuomba yuko wapi saa hiyo.

Kwenye mazishi Mama Wanja alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwamba seva yangu ndiyo iliyoleta neno la mwisho la mume wake. Nilishindwa kumwambia. Siku hizi kila akivuna ndengu ananitumia. Jana zimekuja nyingine, na nimezipokea.